Paji la Uso la Babu Yako

Batuli! Uko wapi? Babu yako leo kaniweza.

Si wajua najifunza kupanga jarida la shule kwa kompyuta? Nikaweka picha yake ukurasa wa mbele, maana yeye ndiye aliyelianzisha miaka ya themanini. Nikafuta mikunjo yake ya uzee. Nikaona doa jeusi kwenye paji la uso, nikafuta pia.

Kumbe alama ya sijida! Nimefuta sijida ya Mzee Muhdhar!!

Nilipomwonyesha akaitazama, kisha akasema: "Miaka yote hii nasujudu, Kadzo, nawe waifuta alama yangu kwa kidole kimoja?"

Kidole kimoja, Batuli!

Nikamwambia, "Niwie radhi babu, nairudisha picha ilivyokuwa." Kabla sijabonyeza, akanizuia.

"Sijida nirudishie. Mikunjo iwache ilikokwenda."