Uji Nilioutema Asubuhi

Angela,

Maharage yameshaiva, bado kuungwa tu. Kuku wafungulie. Nimekwenda Kilosa kwa daktari wa meno, nitarudi Mikumi jioni. Haya yanayofuata msomee Bibi, na usicheke.

Shikamoo Bibi. Nilipotema uji wako na kukimbilia nje nilikusikia ukisema, "Chuo kimemfanya auone uji wangu uchafu." Sivyo, Bibi. Uji ulikuwa mtamu. Meno ndiyo yaliyowaka moto.

Jumapili wazazi wa mchumba wangu Gerald wanakuja kutoka Berega, nami naona aibu na madoa haya ya kahawia. Siku tano nimeyasugua kwa limau na mkaa uliosagwa. Mimi, niliyesomea uuguzi! Nilifundishwa kwamba limau hula ganda la jino, na ganda hilo halioti tena. Tena madoa yangu ni ya maji ya kisima chetu cha zamani, yameingia ndani ya jino tangu utotoni, hayatoki kwa kusugua. Niliyajua yote hayo, bado nikajifungia bafuni.

~~Angela, mpigie Gerald, wasije.~~ Waache waje.

Mkaa uko kwenye kopo nyuma ya ndoo. Umwage, mdogo wangu Angela. Nimeona mswaki wako nao umekuwa mweusi, na hilo ndilo lililoniliza.

Bibi, wewe ulikunywa maji ya kisima hicho hicho, na sijawahi kukuona ukiziba mdomo ukicheka. Nisamehe. Nibakizie uji, nitaunywa ukiwa umepoa, mbele yako.

Mjukuu wako,
Anitha