Mateka Waliopita Kibanjani

Mjukuu wangu Koku,

Nakusalimu kutoka Rwamishenye. Babu yako amepona goti, na mama yako amevuna kahawa nzuri. Umeniuliza kama kuna haja wewe na wenzako kudai tume ichunguze mateka waliouawa na askari wetu wakati wa vita vya mpakani, maana ni mambo ya zamani.

Nilikuwa msichana, kwetu Muleba. Mchana mmoja askari walipita kibanjani kwetu na mateka sita waliofungwa kamba. Mmoja aliomba maji. Nikamnywesha, akanishukuru kwa lugha inayokaribia Kihaya chetu.

Wakapotelea migombani. Sikusikia risasi wala kilio. Baadaye askari wakarudi peke yao, mmoja amevaa viatu vya yule niliyemnywesha.

"Wale wako wapi?" nikauliza.

"Wamepanda gari."

Kule nyuma ya migomba kulikuwa na kinamasi tu, hakuna barabara.

Baba akanishika mkono. "Hukuona kitu."

"Ndiyo, baba," nikajibu. Jibu hilo linanisumbua mpaka leo.

Mkikubaliwa hiyo tume, waambie yupo bibi anayepajua mahali pale. Waje upesi, ningali naweza kutembea.

Bibi yako akupendaye