Jiwe Lililopita Bila Hodi

Wifi yangu Kabula,

Leo nina haki ya kukuita hivyo. Bwenini tuliitana wifi kwa utani, wewe ukinisifia kaka yako kama mtu anayeuza shamba, nami nikijidai sisikii. Sasa nimeolewa naye kweli. Masanja ananunua pamba vijijini siku hizi, maana wanunuzi binafsi wameruhusiwa, na jioni nikisikia pikipiki yake moyo unaniruka kama ndiyo kwanza anakuja kunichumbia. Hata akiomba chumvi ananiita "mke wangu". Hukunidanganya, Kabula.

Bariadi usingeitambua. Maduka yamejaa sabuni. Sisi tuliofua sare kwa majani ya mpapai! Nilipokata mche wa kwanza jikoni kwenu nililia, mama yenu akadhani ni moshi.

Lakini nakuandikia kwa sababu bado natetemeka. Jumapili tulikuwa tunakula, mama, Masanja na mimi, redio ikasema jiwe kama kilima limepita karibu na dunia. Linazunguka jua kama sisi, na njia yake inakata yetu. Wataalamu waliliona lilipokwisha kupita. Tonge likabaki mkononi mwangu. Siku lilipopita mimi nilikuwa najifunza kukamua ng'ombe wenu, nacheka.

Lilipokwisha kupita, Kabula. Kama habari yako ilivyonifikia kwetu Mwanhuzi, malaria imekwisha kukuchukua, kaburi limekwisha kufunikwa. Siku uliyozikwa nilikuwa nasukwa nywele.

Mama aliogopa kuliko mimi. Tangu uondoke, kila kinachokuja bila hodi kwake ni msiba. Asubuhi yake akasema nirudi kwetu kwanza, mpaka aulize kwa mganga kama ndoa hii ina mkono wa mtu. Masanja alijaribu kumsihi mama, "Mayu," akaishia hapo. Unamjua, mbele ya mama yake ni mtoto. Nikaanza kufunga nguo zangu. Hata khanga ya harusi ilikuwa bado na harufu ya dukani.

Mama akasimama mlangoni, akaniuliza, "Jiwe hilo nani analichunga?"

Nikakuona darasani. Mwalimu wa jiografia amechora jua na njia za sayari, wewe ukasema hao ni ndama waliofungwa kwenye kigingi, kila mmoja anazunguka na kamba yake. Darasa zima lilikucheka, nami nikiwemo.

Nikamshika mama mkono hadi nyuma ya nyumba, kwa ndama wake mwekundu. Nikamwonyesha duara la majani aliyoyakanyaga. Nikamwambia kigingi ni jua. Sisi tuna kamba yetu, jiwe lina yake, ila yake inalegea na kukaza, ndiyo maana linakatiza tunapopita. Halikupotea zizi wala halikutumwa na mtu. Akauliza nani alinifundisha.

Nikasema, "Kabula."

Alikaa chini palepale kwenye majani, akamshika ndama sikio, akalishika muda mrefu. Nikajua nimeharibu, nimetonesha kidonda, sasa nitaondoka kweli. Kisha akauliza kama litarudi. Nikamwambia litarudi, ila kufika karibu namna ile tena huenda ikawa tumezeeka, au hatupo.

"Basi likirudi likute watu nyumbani," akasema. "Kafungue nguo zako."

Masanja alibeba furushi langu hadi chumbani huku akiimba, mtu mzima yule! Mama akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Anacheka kama wewe, kupitia puani.

Pumzika, wifi. Sikupata kukuaga, na hilo bado linanishtua nikiwa katikati ya furaha yangu yote. Lakini nakuahidi jambo moja. Kila alfajiri, kabla sijaingia kwa mama kumsalimu, nitasimama mlangoni nipige hodi, na sitaingia mpaka aitikie. Katika nyumba hii mimi sitamshtua.

Wifi yako kweli sasa,
Nkwimba