Haradi Haikatwi

Garissa Mjini,
Jumatano, alasiri.

Kwa Abti Khalif, mjomba wangu na mwalimu wangu,

Assalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, magoti hayakusumbui sana, na ile redio yako bado inashika mawimbi. Na mama yangu, Hooyo, je, kikohozi kimepungua? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku linatuchoma kweli kweli. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoniapisha nilipotoka darasani kwako, na najua utaipitia na kalamu nyekundu kabla ya kumsomea Hooyo. Sahihisha upendavyo, lakini niliyoyasema sitayarudisha.

Uliwahi kuniuliza ninafanya nini hasa hapa ofisini, nikakujibu kwamba naandika majina ya vijiji kwenye kompyuta, ukacheka sana. Basi leo nikueleze vizuri. Tuna lahajedwali moja la mtandaoni, na kila kijiji kinachopelekewa maji na boza, lile lori la tangi, kina kisanduku chake. Kijiji kikionekana hakina watu, unachagua kisanduku, unabonyeza alama ya herufi S iliyopigwa mstari katikati, na jina linakatwa. Halifutiki, bado unalisoma, lakini boza haliendi huko tena. Ni kazi ya kidole kimoja tu, Abti, na ndiyo maana watu wanaifanya bila kufikiri.

Mlipohama na ngamia kufuata ile habari kwamba mvua imenyesha Buna, mkaguzi wetu alifika kijijini kwetu Haradi. Akakuta nyumba zimevunjwa, vijiti na mikeka vimeondoka, hata mbuzi mmoja hakuna. Akapiga picha, akaandika kwamba wakazi wamehama, na Bwana Warsame, mkubwa wetu, akaikata Haradi kabla hajamaliza chai yake. Mimi niliifungua ile picha nikaitazama sana. Langoni mwa boma nikaona tawi la mwiba limelazwa kukingama, shina ndani, miiba nje, kama Hooyo anavyoliweka siku zote. Unajua nilivyofurahi? Nilikaribia kulia mbele ya watu.

Nikaenda kumweleza Bwana Warsame kwamba kwetu anayeondoka moja kwa moja huacha lango wazi, na anayelifunga kwa mwiba anarudi, na hata mpita njia mwenye kiu hathubutu kuligusa. Yeye ni Msomali kama sisi, ila amezaliwa hapa mjini na hajawahi kulala nje ya mabati. Akanijibu kwamba mwiba ni mwiba, na kwamba hawezi kupeleka maji kwa tawi. Kisha akasema natetea watu wangu. Nikamwambia ni kweli ni watu wangu, na kwamba nilidhani ni wake pia. Hilo halikumpendeza.

Halafu ukapiga simu kutoka kwenye kile kilima chenye mtandao. Ukasema mvua ya Buna ilikuwa maneno matupu, mnarudi, Hooyo amepanda ngamia kwa sababu hawezi kutembea, na berkedi letu la kuhifadhia maji ya mvua mliliacha kavu hadi chini kwenye saruji. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa boza la serikali mtalikuta. Sikuweza kukwambia, Abti. Niliitikia tu inshallah, nikakata simu, nikarudi mezani nimekasirika.

Nikauondoa ule mstari uliokata jina la Haradi. Bwana Warsame akiwa ofisini kwake na mimi kwangu, tukitazama kitu kimoja, akaikata tena. Nikaifungua. Akaikata. Wenzangu waliacha kazi wakasimama nyuma yangu kutazama Haradi inavyokufa na kufufuka, na mmoja akaanza kucheka. Mwishowe Bwana Warsame akaitwa mkutanoni, na ikawa mimi ndiye niliyegusa mwisho. Leo asubuhi hati za safari za madereva wa maboza zikachapishwa kutoka kwenye lile lahajedwali, naye akazitia sahihi zote bila kusoma hata moja, kama kawaida yake.

Leo adhuhuri ndipo alipogundua. Akaikata Haradi, akanifungia lahajedwali nisiweze kugusa chochote, akaniita. Akataka niandike barua ya kuomba radhi. Nikamwambia barua nitaandika, lakini si kwake. Sasa nikwambie lile ambalo nimelizungukia tangu juu: kazi sina tena, Abti. Ile kazi uliyogombana na wazee wote kwa ajili yake, wakakuambia msichana akisomeshwa atapotea, leo imekwisha, na kadi yangu ya mlangoni wameichukua. Nina uchungu, sitakuficha. Wazee wakikucheka, waambie waje wanicheke mimi. Lakini sikuomba radhi na sitaomba. Ungeniona nilivyotoka pale kichwa juu, ungejua ni mwanafunzi wako.

Bwana Warsame anadhani akishakata jina amefunga na barabara. Amesahau kwamba dereva haendeshi kwa kompyuta, anaendesha kwa hati iliyotiwa sahihi, na ya Haradi iko mfukoni mwa dereva Aweys tangu asubuhi. Boza limejazwa, nami naandika haya nimeliegemea ubavuni, linatiririka maji kidogo kwenye bomba na kunilowesha mgongo. Aweys anapiga honi sasa hivi. Akipita Modogashe mtandao unakatika, na hata wampigie vipi hawatampata.

Basi huyo mliyemkuta akiwangoja nje ya lango, aliyekupa barua hii, ndiye Aweys. Mkirimuni chai na maziwa ya ngamia kama yamebaki, maana njia ni ndefu. Nisalimie watoto wote, na Hooyo mwambie nampenda na nakuja nyumbani kabla ya Ijumaa. Ila kwanza, kabla hujamsomea hata neno moja, mwambie akaondoe ule mwiba langoni. Boza ni pana.

Ni mimi mpwa wako,
Idman