Mafuta ya Taa Hayana Haraka

Moraa mjukuu wangu,

Huku Nyaramba tu wazima. Mama yako amemaliza kupalilia wimbi, na yule ng'ombe wako wa madoa amezaa ndama jike. Naomba baridi ya huko isikuonee.

Umeniuliza babu yako alikaguaje viungo alivyochomelea, bila mashine kama yako ya kupiga chuma picha. Miaka ya sabini kiwanda cha chai kilimwita azibe ufa kwenye tangi la mvuke la boila. Alipomaliza kuchomelea, alipaka kiungo kwa nje uji wa unga wa yale mawe laini ya kuchonga ya Tabaka, ukakauka ukawa mweupe. Halafu akaingia ndani ya tangi akapaka mafuta ya taa. Tukangoja tuone kama yatapenya hadi kwenye ule weupe.

Mimi nilikuwa nimemletea chakula. Majani ya chai yalikuwa yanaharibika, na wakulima, baba yangu akiwa mmoja wao, walikuwa wanapiga kelele langoni. Nikamwambia, "Si pamebaki peupe? Washeni boila!"

Akacheka. "Kemunto, mafuta ya taa hayana haraka kama wewe."

Tukakaa bega kwa bega. Jua lilipoinama, doa dogo kama punje ya wimbi likatokea kwenye ule weupe. Akanishika mkono, akasogeza kidole changu karibu nalo. "Hapa ndipo mvuke ungetuulia watu." Akapasaga, akachomelea upya.

Tangu tumzike, nawaambia watu nimezoea. Jana nilisoma swali lako mara ya pili, na karatasi ikaingia doa.

Magokoro wako,
Kemunto