Sura ya Babu Iko Darini

Jumatatu, 16 Juni 2025
Hili sijawahi kumwambia mtu. Sura ya Babu siikumbuki. Alikufa nikiwa na miaka sita. Nakumbuka mikono yake, harufu ya tapentaini ya rangi kwenye koti — uso, hakuna kitu. Nyumbani wakisema si unakumbuka alivyokuwa akicheka, naitikia tu.

Nimefika Suji kwa Bibi jana, likizo. Ukungu mpaka mlangoni. Bado sijamwambia Bibi nilichotumwa na Madam Rogathe, mwalimu wetu wa sanaa kule Same. Watu wa Tuzo ya Taifa ya Picha za Sura wanaandaa maonyesho ya historia yao, wanatafuta picha za zamani. Ya Babu ilishindana 1988. Gari litaifuata Ijumaa.

Jumanne, 17 Juni
Nimesema. Bibi kacheka mpaka kakaa chini. Miaka ile, anasema, wachoraji wote walipeleka sura za viongozi. Babu, mwandika vibao vya maduka, kapeleka sura yake mwenyewe. Majaji wakauliza, "Bwana, huyu ni nani?"
"Ni mimi."
"Na wewe ni nani?"
"Sifael, mume wa Blandina."
Wakampa nafasi ya tatu! Akarudi na redio. Baadaye nimemsikia Bibi akipepeta maharage, peke yake: "Mume wa Blandina…"

Picha iko wapi? Akanyoosha kidole juu. Darini, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Kaiweka huko tangu msiba. "Mdudu hagusi kitu chenye moshi."

Tumeishusha. Nyeusi tii, kama sufuria.

Jumatano, 18 Juni
Nimempigia Madam. Usiiguse, kasema, masizi yanaweza kutoka na rangi. Mafundi wa kuisafisha wapo Dar.

Bibi hataki iende. "Wakiisugua wakamfuta je? Waambie imeungua. Mimi najua yumo humo, inanitosha."

Yeye inamtosha. Mimi je? Kesho kutwa gari litageuza, picha itarudi darini, na mimi nitaendelea kuitikia.

Alhamisi, 19 Juni
Bibi kaenda kwaya. Nimeshindwa kuvumilia. Pamba na mate — Madam aliwahi kutuambia watu wa makumbusho hutumia mate, darasa zima tukacheka. Nimeanza pembeni. Pamba nyeusi, nyeusi, kahawia. Likatokea sikio. Limechomoza kama langu, hili wanaloliita sahani shuleni. Nimekaa nimelishika langu, sijui kwa muda gani.

Halafu jicho. Linanitazama. Sijamkumbuka, bado. Ila namwona.

Nimeshuka mdomoni. Pamba imetoka na wekundu kidogo. Nimeacha hapo hapo. Ni moshi au ni Babu? Nimeweka pamba chini, ndiyo maana naandika.

Nyayo uani. Ni Bibi, kwaya imeisha mapema. "Agape, mbona kimya humo?" Ukurasa huu nauchomeka chini ya godoro. Picha siifichi. Naiacha kitandani, uso juu, aingie tu amwone.