Maziwa ya Hasira

Leiden, Jumatatu, 18 Machi 1652

Nisamehe, kitabu changu. Tangu tumzike Claes, mwanangu wa kwanza, mwaka juzi, sijakugusa. Kila nikishika kalamu mkono ulitaka kuvunja kitu. Januari hii akazaliwa Fytje, na usingizi nao ukahama nyumba.

Leo nisipoandika nitapasuka.

Tulikuwa uwanja wa kuanikia nguo, nje ya lango la mji. Lysbet, jirani yetu, anamwambia mwenzake bila hata kushusha sauti: yule Machteld alimuua mwanawe wa kwanza mwenyewe, alimnyonyesha huku ana hasira. Nikamuuliza kayatoa wapi. "Kwa mama mkwe wako, bibie. Usinikodolee macho mimi!"

Nimempiga kwa shuka mbichi. Usoni. Sijutii.

Jumanne, 19 Machi

Nimemuuliza mama mkwe. Alikuwa anamenya karoti, wala hakuacha.

"Mwanangu, maziwa ni damu iliyopikwa. Ukikasirika damu inachemka, maziwa yanageuka sumu. Nilikwambia, ukikasirika kamua ya kwanza uyamwage. Jana ulimwaga?"

Nilimwaga! Namwaga kila mara, kama kila mwanamke wa mtaa huu. Wakati wa Claes pia nilimwaga.

"Labda hukumwaga ya kutosha," akasema. Karoti nyingine.

Wouter kwenye kitanda chake cha kufumia nguo: mama hana nia mbaya, punguza sauti, mtoto anasikia. Mume wangu huyo.

Nikaenda uani nikakamua, nikamwaga. Fytje akalia mpaka sauti ikamkauka.

Alhamisi, 21 Machi

Kaja Mzee Pauwels wa kanisa. Kila mwaka kabla ya Pasaka wazee wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama tuna amani na watu wote. Mwenye kinyongo haiendei Meza ya Bwana.

"Mimi sina neno na mtu," mama mkwe akawahi. Akanitazama.

Mzee akasema, binti, mpe mama mkono, yaishe.

Nikasema: aseme kwanza kwamba sikumuua mwanangu. Akisema, namalizia kwa kumbusu.

Wouter anachokonoa uzi kwenye mkono wa shati. Kisha mzee, kwa upole — upole ndio ulioniudhi zaidi — akasema hasira ni moto, na mwenye mtoto kifuani anambeba mtoto ndani ya moto. Mama mkwe akaitikia amina! Hakuna aliyekuwa anasali!

Jumamosi, 23 Machi

Nilikwenda sokoni, siagi na samaki. Narudi, kitanda cha Fytje kitupu.

Wamempeleka kijijini Zoeterwoude kwa mwanamke wa kumnyonyesha. Wouter anaangalia viatu vyake: "Ni kwa muda tu, Machteld. Mpaka upoe."

Mpaka nipoe! Mimi uji?

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda kanisani. Kifua kama mawe. Gauni limelowa mbele.

Zoeterwoude, Jumatatu, 25 Machi

Nimetoka kabla hawajaamka. Shali, wewe kitabu, basi. Kwa miguu kando ya mfereji.

Nyumba sikuhitaji kuuliza, sauti iliniita toka mbali. Dirkje, huyo mnyonyeshaji, anamtukana ng'ombe. Kisha bata. Kisha mumewe: "We gogo! Mlango wa zizi utafungwa na malaika?" Uso mwekundu, mishipa ya shingo imesimama — na Fytje wangu yuko kifuani pake, ananyonya na macho kayafumba kama paka wa jikoni.

Nikamwambia, dada, hujamwaga?

"Nimwage nini?"

Maziwa. Umekasirika.

Akacheka mpaka Fytje akaachia titi. "Mama, mimi nimekasirika tangu niolewe! Ningemwaga, hawa wangu watano wangekula nini? Hasira yangu?"

Nikakaa chini, pale pale kwenye majani ya ng'ombe.

Claes alikuwa mwembamba kama uzi. Alikuwa anatafuta kifua hata usingizini, kinywa kinacheza. Na mimi uani, nalia, namwaga, kwa sababu mama yake Wouter amesimama mlangoni anahakikisha. Ya asubuhi. Ya mchana. Nilikuwa na hasira kila siku, basi kila siku nilimwaga. Mwanangu hakunyweshwa sumu. Alinyimwa!

Sijawahi kuwa na hasira kama hii. Fytje nimemchukua nikamnyonyesha nayo yote. Kalala.

Jumanne, 26 Machi

Wouter kafika, kofia mkononi. Anasema Mzee Pauwels atanisubiri mpaka Jumamosi. Nirudi, nimpe mama mkono, tule Pasaka kama watu.

Nikamweleza habari ya Claes. Polepole, bila kupaza sauti. Akageuka mweupe. Akasema, "Usimwambie mama hivyo. Itamuua."

Nikamuuliza, na wewe je?

Akasema watu wataongea. Waongee!

Dirkje kakubali nibaki, nitamsaidia kukamua na kutengeneza jibini. Sasa Wouter yuko nje anakunywa bia na mumewe. Anadhani nafunga mizigo. Nitachana nusu hii ya ukurasa nimpe. Ataleta:

Vitambaa vya mtoto, vyote, na vilivyo kwenye kamba.
Blanketi la sufu. Lile zito.
Viatu vyangu vya mbao.
Sketi ya kazi. Ya kanisani aiache.
Kitanda cha Fytje.
Shati la Claes, lililo chini kabisa ya sanduku la mama mkwe. Akiulizwa la nini, aseme Machteld bado hajapoa.